Mke Mwenza wa Chuma: Siku Nne Kati ya Mikumi na Kilosa

Naomba nikutambulishe kwa mke mwenza wa mama mkwe wangu. Ana kama kilo moja na nusu hivi. Ana nguzo mbili fupi, unyayo mmoja mrefu, na jina lake limetokeza kwenye huo unyayo kwa herufi za Kizungu: Speed King, yaani Mfalme wa Kasi. Kwa miaka mingi ndiye aliyetoka na mume wa mama kila Jumamosi jioni na kurudi naye Jumapili alfajiri, ananuka moshi wa sigara za watu wengine. Mama hajawahi kumwita kwa jina. Anamwita "huyo".

Huyo ni pedeli ya dramu. Kama hujawahi kukaa nyuma ya jukwaa, ile dramu kubwa inayolala chini, inayokugonga kifuani ukicheza karibu na spika, haipigwi kwa mkono. Mpigaji anakanyaga pedeli kwa mguu wa kulia, kirungu kinaruka mbele kinagonga ngozi, springi inakirudisha. Basi. Kitu kidogo sana, lakini bila hicho kazi ya mtu mmoja ingehitaji wawili au watatu.

Mwaka jana baba mkwe alipata kiharusi. Namshukuru Mungu mdomo ulirudi, mkono ukarudi, ila mguu wa kulia umebaki mzito. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimwambia anyanyue na kushusha unyayo kila siku, asubuhi na jioni. Baba alifanya siku tatu akaacha. "Kukanyaga hewa ni kazi ya vichaa," akasema. Mume wangu ndiye aliyekumbuka pedeli. Baba angekanyaga hiyo mpaka usiku bila kuambiwa. Shida ni kwamba ilikuwa imelala kwenye mfuko wa salfeti tangu mwaka 2010, na kutu imeigandisha kama jiwe. Mume wangu hakupata likizo, mimi nikapata. Nikamwambia mhariri naenda kuwaandikia kuhusu Mikumi, na si uongo, kama mtakavyoona.

Safari ya wanyama kwa nauli ya basi

Kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi hadi Mikumi ni kama kilometa 300, kwenye barabara ile ile inayokwenda Iringa, Mbeya na Zambia. Ukifika Morogoro unaona wingu limekaa juu ya Uluguru, na mtu wa rika la baba mkwe wangu hawezi kuutazama mlima ule bila kuanza kutaja bendi. Mji ulikuwa na Morogoro Jazz, iliyoanzishwa 1944, na ulikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na mashabiki walitazamana kama Simba na Yanga. Mbaraka Mwinshehe alipiga gitaa Morogoro Jazz, akaenda nayo hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo ya 1970. Mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano yake, na Januari 1979 ajali ya gari ikamchukua kule Mombasa, hajafikisha miaka 35. Sisi tuliozaliwa baadaye tunajua majina ya wapiga gitaa na waimbaji. Mpiga dramu nani anamkumbuka? Baba anasema ndiyo maana alipenda kukaa nyuma: unaiona migongo ya wakubwa wote.

Ukishapita Doma unaingia hifadhini. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa 1964, ina ukubwa wa kilometa za mraba 3,230, na barabara kuu inaipasua katikati kwa karibu kilometa 50. Hapo dereva anapunguza mwendo hata kama hataki, kwa sababu kuna matuta, kuna vibao, na kuna faini kwa atakayegonga mnyama. Swala wamejaa, nyumbu wapo, twiga anakutazama kama shangazi aliyekukuta mahali usipotakiwa kuwa. Kwa wapenzi wenye bajeti ya mwanafunzi, hapa ndipo penyewe: mnawaona tembo kwa nauli ya basi. Kukaa kulia au kushoto hakujalishi, hakikisheni tu dirisha ni safi. Na tafadhali, nyani wasitupiwe ndizi.

Mji wa Mikumi wenyewe ni mji wa barabara. Malori yanalala, mahindi yanachomwa, chipsi mayai haziishi, na usiku kucha unasikia breki za hewa zikipumua. Nyumba ya wakwe zangu iko nyuma kidogo, barazani kuna cherehani ya mama, na juu ya meza ya cherehani kuna kopo la Nido ambalo nalikuta hapo kila nikija. Limejaa vifungo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umemfuata huyo?"

Nikasema ndiyo, na nikaeleza habari ya mguu, mazoezi, na alichosema mtaalamu. Mama alisikiliza huku akiendelea kukanyaga cherehani. Halafu akasema, "Sawa. Akipona huyo, mimi nahamia kwa dada yangu Kidodi." Akacheka, lakini kwa mdomo tu.

Niseme kitu hapa, maana hili ni jarida la mahusiano na najua mnaosoma. Sisi mabinti wa leo tunalalamika kuhusu simu. Mume yuko kitandani, macho yako kwenye kioo. Mama zetu walikuwa na dansi. Mume wa mwanamuziki hayupo Jumamosi, hayupo sikukuu, hayupo mwisho wa mwezi, na ukilalamika unaambiwa hiyo ndiyo kazi inayoleta unga. Na ni kweli inaleta unga. Hapo ndipo ubaya ulipo, huna hata pa kushika ugomvi.

Mpaka Ulaya bila viza

Pedeli haikupata kutu Mikumi. Ilipata Kilosa, ambako wakwe zangu waliishi miaka yote ya bendi. Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo, mji ukafurika, reli ikasombwa, maelfu ya watu wakaishi kwenye mahema. Baba alitoka na redio. Mama alitoka na kopo la vifungo. Watoto wake walimcheka kwa miaka mingi: nyumba inazama, mtu anaokoa vifungo! Yeye alijibu hivyo hivyo kila mara, kwamba fundi cherehani bila vifungo ni ombaomba. Sanduku lenye pedeli likabaki ndani, na maji yaliposhuka likafukuliwa kwenye tope. Baada ya hapo wakahamia Mikumi, na baba hakulifungua tena.

Nikauliza Mikumi nzima nani anaweza kutengeneza. Mafundi pikipiki waliitazama, wakaipapasa, mmoja akataka kuigonga kwa nyundo nikamnyang'anya. Mwishowe baba akasema, "Mpeleke Kilosa, kwa yule fundi baiskeli wa karibu na soko. Kama hajafa."

Kutoka Mikumi hadi Kilosa ni kilometa 70 na ushee kuelekea kaskazini, na katikati kuna mahali panaitwa Ulaya. Sikutanii. Kuna kata, kuna shule, kuna watu wanaolima mahindi na mpunga, na wote ni wakazi wa Ulaya. Kondakta anapaza sauti "Ulaya wa kushuka!" na mama mmoja mwenye kuku wawili anashuka, habari ya viza hana. Upande wa magharibi milima inakufuata njia nzima, ya kijani iliyokolea, na kila unapovuka daraja unaelewa kwa nini maji yakiamua yanakuja yote kwa pamoja.

Kilosa ni mji wa reli. Wajerumani walianza kutandika Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, na Kilosa ikawa kituo chenye heshima yake. Miaka ya 1960 likatoka tawi la kwenda kusini, kupitia Mikumi hadi Kidatu, penye mashamba ya miwa. Baadaye TAZARA nayo ikapita Kidatu, lakini treni hazikuweza kuunganishwa, kwa sababu Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000 na TAZARA 1,067. Mizigo ikabidi ihamishwe kutoka behewa hadi behewa. Na sasa kuna treni ya umeme, iliyoanza kwenda Dodoma mwaka 2024, upana wake milimita 1,435, inapita Kilosa na kuingia kwenye mahandaki ya milimani. Mkoa mmoja, reli za saizi tatu. Likumbukeni hilo, tutafika kwenye skrubu.

Fundi hakugusa nyundo

Hajafa. Yuko chini ya mwembe, amezungukwa na magurudumu, miaka yake kama 58 hivi, miwani imefungwa kwa uzi. Nilikuwa sijamaliza kuamkia alipofungua salfeti na kusema, "Hii naijua. Hii ni ya yule mpiga dramu. Bado yupo?"

"Yupo baba. Ni mkwe wangu."

"Na mama?"

"Naye yupo."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa habari mbili nzuri kwa siku moja.

Sasa nisikilizeni wenye baba, wajomba na makanisa yenye vyombo vya zamani stoo, kwa sababu hili nililiona kwa macho yangu. Jambo la kwanza fundi alilofanya ni kutofanya kitu. Aligeuza pedeli, akaichunguza, akanionyesha kwamba mwili wake si chuma cha kufuliwa bali ni madini mepesi yaliyomiminwa kwenye kalibu. Chuma cha kufuliwa ukikigonga kinapinda. Hiki kinapasuka, na kikipasuka fundi wa kuchomea wa kawaida hawezi kukiunga. Kwa hiyo hakuna nyundo, hakuna kulazimisha spana. Aliiloweka nzima kwenye ndoo ya mafuta ya taa yaliyochanganywa na dizeli kidogo, akafunika na kuniambia nirudi kesho.

Kesho yake tope la Mkondoa lilikuwa limelegea. Alilitoa kwa mti wa kibiriti na mswaki, si kwa brashi ya waya, maana brashi ya waya inakwangua rangi pamoja na kutu. Ndipo jina likasomeka vizuri. Jina hili lina historia yake. William F. Ludwig na ndugu yake Theobald walianzisha kampuni Chicago mwaka 1909 kwa sababu ya pedeli tu, maana muziki ulikuwa umekimbia na pedeli za wakati ule zilikuwa zinachelewa. Mwaka 1929 kampuni ikauzwa pamoja na jina. Baadaye William akaanzisha nyingine kwa herufi zake, WFL, na mwaka 1937 akaitoa Speed King. Mwaka 1955 akalinunua tena jina lake mwenyewe. Ya baba imeandikwa Ludwig, kwa hiyo ni ya baada ya hapo; mwenye bendi aliinunua Nairobi ikiwa imeshatumika, na bendi ilipokufa baba akapewa yeye badala ya malimbikizo ya mshahara. Ringo Starr wa Beatles alikanyaga hii. John Bonham wa Led Zeppelin aliikanyaga pia, na kwenye wimbo wao mmoja wa 1970, "Since I've Been Loving You", ukisikiliza kwa makini unasikia pedeli inalia kwi kwi kwi chini ya gitaa. Fundi wa Kilosa angekuwepo studio wangepewa tone moja la mafuta na mambo yangekwisha.

Kinachoipendeza pedeli hii ni kwamba springi hazionekani. Zimefichwa ndani ya zile nguzo mbili, na kila moja inashikwa na skrubu kwa chini. Nyingine nyingi za zamani zina springi moja nje na mkanda wa ngozi unaovuta kirungu; hii haina mkanda, ina kiungo cha chuma. (Kama yako ina mkanda na umekatika, mpelekee fundi viatu akukatie ngozi ya ng'ombe, na kabla ya kuifunga ining'inize na kitu kizito usiku mzima ivutike iishe. Usikubali mpira wa tairi. Unanyumbuka na mguu unapoteza hesabu.) Springi moja ilitoka nzima. Ya pili ilitoka vipande vitatu.

Hapo ndipo siku ilipokwenda. Springi za nguzo mbili lazima zisukume sawa, la sivyo mhimili unavutwa upande na gololi zinaliwa. Kwa hiyo huwezi kubadilisha moja. Fundi alijaribu za vali za bodaboda, zikawa ngumu, zingehitaji mguu wa tembo wa Mikumi. Nikamweleza habari ya kiharusi. Alinyamaza, akamwaga kopo lake lote la chuma chakavu kwenye turubai, akakaa chini akaanza kutafuta pacha mbili laini. Alipima kwa kuzibonyeza kwa kidole gumba, moja moja, macho yamefumbwa. Alizipata baada ya kama saa nzima, hata yeye hajui zilitoka kwenye nini. Akazipunguza kwa msumeno mzunguko mmoja mmoja, akizifananisha, hadi zikalingana.

"Mguu mgonjwa usishindane na springi," alisema. "Akipata nguvu alete, nitamwekea ngumu."

Gololi alizioshea kwenye petroli na kuzikausha. Hapo kwa fundi baiskeli ni nyumbani kwake. Grisi alipaka kidogo sana, kwa ncha ya kidole, maana grisi nzito inaufanya mguu ujione unakanyaga uji. Kirungu kilibaki fimbo tupu, kichwa chake cha sufi ya kushindilia kililiwa na nondo zamani. Tukavuka barabara kwa fundi viatu, akachukua pama kuukuu lililokwisha kazi, akakata duara nyingi, akazigandisha moja juu ya nyingine kwa gundi ya viatu, akabana kwa washa huku na huku, kisha akazichonga kwa kisu mpaka zikawa kichwa cha mviringo. Nilipokigonga kwenye paja nikasikia raha isiyo na sababu.

Skrubu haina miguu

Kirungu hushikwa na skrubu moja yenye masikio mawili, ya kukaza kwa vidole, kwa sababu mpigaji huirekebisha hata katikati ya wimbo. Ya baba haikuwa na masikio. Ilikuwa bolti nyeusi, nene kichwani, ya kukaza kwa spana. Nikauliza kama tunaweza kupata ya kwake.

"Ya kwake ilipotea," fundi alisema. "Hii niliiweka mimi. Nilikuwa mtoto wa miaka 15, ndiyo kwanza naanza kazi kwa marehemu mjomba."

Akanieleza shida iliyokuwepo. Skrubu za Mmarekani meno yake ni ya inchi, na bolti nyingi za baiskeli walizokuwa nazo ni za milimita. Unaiingiza, inakubali mizunguko miwili, inakataa. Ukiilazimisha unaua tundu. Ni habari ile ile ya reli ya Kidatu. Na miaka ile hakukuwa na duka la kuagizia. Nchi haikuwa na fedha za kigeni, hata sabuni ilikuwa ya foleni. Mjomba wake akakumbuka mashine za zamani za Kiingereza kwenye mashamba ya mkonge kule Kimamba, nazo zina bolti za inchi. Alikuwa na chache. Wakapata moja ambayo meno yake yalikaribiana, ikaingia kwa shida kidogo, ikashika.

"Alikuja anahema," fundi akaendelea. "Jumamosi ya mwisho wa mwezi, msimu wa miwa, bendi inakwenda Kidatu kwa watu waliopokea mshahara, treni inaondoka mchana ule. Anasema skrubu imepotea ndani ya nyumba. Ndani ya nyumba! Skrubu haina miguu, mama. Mjomba akamuuliza, na mkeo je, si karibu kujifungua? Akasema bado wiki mbili."

"Mwaka gani huo, baba?"

"Themanini na mbili. Mwaka niliokuja kwa mjomba."

Mume wangu amezaliwa Kilosa, Jumapili alfajiri, tarehe 29 Agosti 1982. Nimelijua hilo tangu uchumba, na pia nimejua kwamba mkunga wake alikuwa jirani, na taa ilikuwa ya chemli. Niliishika ile bolti kiganjani nikawa sina la kusema. Fundi naye hakuongeza kitu. Alininyang'anya taratibu, akaifunga mahali pake, akaniambia jumla ni shilingi 35,000 na fundi viatu nimpe 5,000 mkononi.

Nililala Kilosa usiku ule. Jioni nilitembea hadi stesheni ya zamani. Nikajaribu kumfikiria kijana wa miaka 33, shati la bendi limepigwa pasi, amekaa behewani na pedeli mapajani. Nikamfikiria pia aliyebaki. Sikujua niwe upande wa nani, na bado sijui vizuri.

Ndoo ya lita 20

Baba hana dramu tena, ila pedeli haichagui. Mume wangu alikuwa ameelekeza kwa simu: tulilaza ndoo ya plastiki ya lita 20 ubavuni, tukazuia kwa matofali, kibano cha pedeli kikauma ukingo wake, kirungu kikaelekea kwenye kitako cha ndoo. Baba akavuliwa kiatu. Akaweka unyayo juu ya Mfalme wa Kasi, na kwa kitambo hakufanya kitu chochote, alihisi tu.

Halafu du. Kimya. Du. Kimya kirefu. Du, du.

Mguu ulikuwa unatetemeka, jasho linamtoka, lakini nawaambia yule si mtu aliyekataa kukanyaga hewa. Alipiga nane, akapumzika, akapiga nane nyingine, na za pili zilikuwa na mahali pake, kama mtu anayerudi kwenye njia anayoijua gizani. Watoto wa jirani walishafika. Barazani cherehani ya mama ilikuwa inaendelea, nikagundua kwamba imeanza kufuata au kufuatwa, sikujua ipi.

Kwenye nane ya nne kirungu kikalegea kikaanguka upande.

"Hii bolti," baba alisema akiinama, "haijawahi kukaa sawa. Tangu themanini na mbili."

Cherehani ikasimama.

Mama aliinuka na kopo lake la Nido. Akalimwaga mezani, vifungo vyote, vyeupe, vya shaba, vya makoti ya watu waliokwisha kufa, akavitenganisha kwa kidole. Akachukua kitu kidogo chenye masikio mawili, akakiweka kwenye kiganja cha baba. Kilikuwa kinang'aa kama kimetoka dukani jana. Mafuriko hayakukigusa.

Baba alikitazama sana.

"Hii ni yangu."

"Ni yako."

"Ilikuwa wapi?"

"Kwenye vifungo." Mama alikuwa amesimama, mikono kwenye khanga. "Nilidhani ukiikosa utabaki."

Lori likapita barabarani, likashusha gia, likaisha. Watoto wa jirani hawakuelewa kitu ila walinyamaza.

"Nilirudi na treni ya kwanza," baba akasema.

"Ulirudi Jumatatu."

Hakubisha. Alikizungusha kile kitu vidoleni, mkono wa kulia bado hauna ustadi, kikamponyoka kikadondoka kwenye mkeka. "Pole, mama," akasema. "Pole sana. Sikujua."

"Na hiyo pole nayo ilikuwa inasubiri treni?" mama akauliza, lakini alikuwa ameshainama. Aliiokota skrubu, akachukua chupa ndogo ya mafuta ya cherehani, akaidondoshea tone moja kwenye meno. Akapiga magoti mbele ya ndoo, akafungua ile bolti nyeusi kwa koleo la baba, akaingiza skrubu kwa vidole vyake. Ilizunguka bila kukwama hata mara moja, mpaka mwisho, akakaza masikio.

Kisha akairudisha vifungo kopo zima, akaitumbukiza na ile bolti ya mkonge juu yake, akafunga kifuniko.

"Haya," akasema. "Piga."